Kabla ya Kumlaumu Mama: Utangulizi wa Utafiti wa Vizuizi vya Upimaji wa Saratani ya Matiti

Huu ni uwanja wa elimu ambao swali lake ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu: kwa nini wanawake wengi hawapimwi matiti? Wengi huingia hapa jibu likiwa tayari mfukoni. Daktari husema ni kutojua. Mwanasiasa husema ni umaskini. Wahubiri husema ni imani potofu, na waume husema wake zao ni waoga. Mwanamke mwenyewe, ukimuuliza mlangoni kwake mtaani Chaani, Mombasa, saa kumi na mbili jioni akiwasha jiko la makaa, atasema hana nafasi, kisha atakuvutia kiti ukae. Katika majibu yote hayo, la kwake ndilo lililosikilizwa kidogo kuliko mengine, na utangulizi huu nimeuandika ili wewe uanze nalo.

Naanzia Changamwe, bara ya Mombasa upande wa magharibi, kwa sababu vitabu vingi vya somo hili vilitungwa kwa kuwatazama wanawake wa Marekani na Ulaya, na vile vichache vinavyoitazama Afrika hupenda kijiji. Changamwe si kijiji. Wenyeji wake wa asili, Wachangamwe, ni mojawapo ya makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa yanayoitwa Thelatha Taifa. Kisha ikaja reli, bandari ya Kilindini ikatanuka hadi Kipevu, kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa mwaka 1963, na uwanja wa ndege ukakua pale Port Reitz. Kazi hizo ziliwaleta Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya, Wamijikenda na wengine, wakapanga vyumba Magongo, Chaani na Migadini. Kwa hivyo mwanamke wa Changamwe hana kabila moja wala dini moja, na mtafiti anayekuja kutafuta "utamaduni" wa kuulaumu ataanza kazi kwa kukwama.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata wataalamu huyachanganya. Upimaji ni kumchunguza mwanamke asiyeona tatizo lolote: hana uvimbe, chuchu haijaingia ndani, ngozi haijakunjamana. Ugunduzi wa mapema ni kumshughulikia upesi mwanamke ambaye tayari ameona kitu. Wa kwanza anatafutwa; wa pili anajileta, au anashindwa kujileta. Nchi tajiri zilianzisha upimaji wa mamogramu (eksirei ya matiti) wakati ambapo mgonjwa mwenye uvimbe tayari alikuwa akipata jibu na tiba kwa haraka. Sisi mara nyingi tunaombwa kujenga ghorofa ya juu kabla ya kusimamisha ya chini. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kwamba upimaji wa umma kwa mamogramu unafaa pale penye mfumo wa afya wenye nguvu, na kwamba penye uhaba nguvu zielekezwe zaidi katika kugundua mapema. Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 kuhusu upimaji wa saratani unapendekeza mamogramu kwa wanawake kuanzia umri wa miaka 40, na kwa walio chini ya hapo uchunguzi wa mikono ya mhudumu aliyefunzwa. Ni mwongozo mzuri. Swali letu ni umbali uliopo kati ya karatasi ile na chumba cha kupanga cha Magongo.

Umbali huo una hesabu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiwekea Kenya wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti na vifo 3,107. Vifo vilikaribia nusu ya wagonjwa wapya. Katika nchi zenye kipato cha juu, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Utafiti mkubwa uitwao ABC-DO, uliofuata wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ulikuta kwamba baada ya miaka 3 waliokuwa hai ni karibu nusu tu. Nchini Tanzania, tathmini ya huduma za afya ya matiti ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani ugonjwa umeshaenea kwapani au mbali zaidi. Nao uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2014 ulipata kwamba ni wanawake 14 tu kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuchunguzwa matiti na mhudumu wa afya.

Lakini soma takwimu za Kenya kwa uangalifu. Makadirio ya kitaifa hutegemea sana rejista za saratani za maeneo machache, zikiwemo za Nairobi na Eldoret. Mwanamke wa Mombasa anayerudishwa kwao bara akauguzwe na mama yake, akafia huko bila ya kuandikwa popote, haonekani. Pwani na mitaa yake ya wahamiaji ina wengi wa namna hiyo, na kila mtafiti wa huku anapaswa kufanya kazi akijua kwamba anahesabu waliofika tu.

Uwanja huu umezaliwa katika lawama, na ni vizuri uijue historia hiyo mapema. Mwaka 1938 madaktari wawili wa New York, Pack na Gallo, walichapisha makala iliyogawa hatia ya kuchelewa kwa tiba ya saratani baina ya mgonjwa na daktari. Mgonjwa aliyekaa miezi 3 au zaidi tangu kuona dalili alihesabiwa kuwa mkosaji. Mpaka ule wa miezi 3 bado tunautumia leo, na una msingi: mwaka 1999 Michael Richards na wenzake walikusanya tafiti 87 za saratani ya matiti wakaona kuwa kuchelewa miezi 3 hadi 6 kunapunguza uwezekano wa kuishi. Mpaka ni halali. Hatia ndiyo iliyotuharibia kazi, kwa sababu mtu akishaitwa mkosaji hakuna tena anayemuuliza alikuwa akipitia nini.

Miaka ya 1950 swali lilisogea mbele. Idara ya afya ya umma ya Marekani ilipeleka mitaani magari yenye mashine za eksirei ili watu wapimwe kifua kikuu karibu na nyumbani kwao. Wengi bado hawakutokea. Godfrey Hochbaum, Irwin Rosenstock na wenzao walitaka kujua kwa nini, na katika kuuliza wakatunga mfumo wa fikra unaoongoza tafiti nyingi za upimaji hadi leo, ule wa imani za kiafya. Mtu huenda kupimwa, walisema, akiamini kwamba ugonjwa unaweza kumpata, kwamba ni mzito, kwamba kupima kuna faida, na kwamba faida hiyo inazidi usumbufu. Mwaka 1984 Victoria Champion aligeuza imani hizo kuwa orodha ya maswali kuhusu matiti, na orodha hiyo, katika tafsiri nyingi, imezunguka dunia nzima. Utakutana nayo. Itumie, lakini ujue udhaifu wake: inapekua kichwa cha mwanamke na kuacha kupekua foleni, nauli, mwajiri na mlango wa kliniki. Inawezekana kabisa mwanamke wa Chaani akajibu maswali yote kama anavyotakiwa na bado asipimwe.

Ushahidi wa hilo uko karibu nasi. Mwaka 2019 Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan na wenzake walichapisha utafiti wa jamii ya vijijini ya Pwani ya Kenya, wakiwahoji wanawake na wanaume pia. Zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa wamesikia habari za saratani ya matiti, lakini waliojua mambo mawili au zaidi yanayoongeza hatari yake hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Habari imefika, maarifa hayajafika, na tendo liko mbali zaidi ya yote mawili. Kuwahoji wanaume lilikuwa jambo la busara ambalo ningependa kuona likiigwa, maana mara nyingi nauli, ruhusa na hofu ya kuachwa viko kwao.

Mfumo wa fikra ninaoupendekeza kwa anayeanza ni ule wa Sereen Thaddeus na Deborah Maine wa mwaka 1994. Waliutunga kwa ajili ya wajawazito wanaokufa wakijifungua, wakataja ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kukifikia kituo, na kupata huduma yenyewe baada ya kufika. Uzuri wake ni kwamba unakulazimisha uufuate mwili wa mwanamke njiani badala ya kukaa ofisini ukipima mawazo yake. Tuufuate basi.

Kuamua ndiko kwenye mengi, na hapa nitakaa kidogo. Uvimbe wa saratani ya matiti mwanzoni mara nyingi hauumi. Maisha yametufunza sote kuwa ugonjwa ni maumivu: jino linauma, tumbo linauma, malaria inatetemesha. Mwanamke anapogusa kitu kigumu kama kokwa wakati anaoga, nacho kimetulia tu, akili yake timamu inamwambia kwamba kinachouma ndicho cha kukimbilia. Huo si ujinga; ni uzoefu uliotumika mahali usipofaa. Kama ananyonyesha, na wagonjwa wetu wengi ni wa umri wa kuzaa, atadhani maziwa yameganda. Shoga zake watamwambia akande kwa kitambaa cha maji moto. Miezi miwili inakwisha, mtoto anaachishwa, na uvimbe bado upo.

Halafu yupo mganga. Tafiti nyingi humwandika kama kizuizi na kuishia hapo. Nakuomba utazame anachotoa. Yuko mtaani, hana foleni ya kutwa nzima. Hupokea malipo kidogo kidogo. Humkalisha mwanamke, humuuliza habari za nyumbani, za jirani mwenye kijicho, za mume. Humpa jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu si sahihi, na kombe la kunywa au majani ya kuchua. Hospitali humwambia arudi Jumatano. Ukitaka kujua kwa nini mwanamke alipoteza miezi minne kwa mganga, chunguza pia ile Jumatano.

Imani ya dini nayo imeonewa katika maandishi yetu. Ni kweli utasikia, Magongo kama kwingineko, kwamba ugonjwa ni majaaliwa na mponyaji ni Mungu peke yake. Lakini mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu kutafuta tiba yanajulikana na kila mwalimu wa madrasa, na makanisa ya Changamwe yana vikundi vya kina mama vinavyochangia matibabu ya wenzao kila mwezi. Mwanamke husema "Mungu atajua" mara nyingi pale ambapo hana pesa na hataki kukuambia hivyo. Mhoji aliyeandika "imani ya majaaliwa" kwenye fomu yake ameandika adabu ya mwanamke na kuiita kizuizi.

Stara ni jambo jingine, na ni la kweli. Kuvua nguo ya juu mbele ya mwanamume usiyemjua, nyuma ya pazia lisilofika chini, huku mlango ukifunguliwa na kila anayetafuta faili, ni udhalilishaji kwa mwanamke yeyote, awe amevaa buibui au leso kiunoni. Wanawake wa Kiislamu hulisema wazi zaidi, na kwa hivyo lawama huwaangukia wao. Wenzao wa dini nyingine huhisi lilo hilo na kulinyamazia. Dawa yake haihitaji semina. Inahitaji chumba chenye kitasa, muuguzi wa kike, na maneno machache kabla ya mkono kugusa: "Mama, nitakuangalia upande huu kwanza, ukisikia vibaya niambie nisimame."

Na chini ya yote iko hofu, ambayo ina mantiki yake. Mtaani watu humkumbuka jirani fulani aliyekwenda hospitali akakatwa ziwa, na mwaka haukuisha akafariki. Hakuna aliyeona kwamba alikwenda akiwa amechelewa. Walichoona ni kwamba alikwenda akafa. Kwa hivyo anayepata uvimbe baada yake anangoja, anafika akiwa amechelewa, anafariki, na anakuwa ushahidi kwa wa tatu. Mzunguko huu ndio naona wa maana kuliko vizuizi vyote vya kichwani, na kampeni za maneno haziuvunji. Unavunjwa na mwanamke aliyepona, anayeonekana sokoni akinunua nazi, ambaye watu wanajua kuwa alipata saratani. Wanawake hao wapo Mombasa. Wengi wameficha habari zao ili mabinti zao waolewe bila maswali, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo.

Tuseme ameamua. Sasa afike. Kwa uchunguzi wa mikono anaweza kubaki karibu, kwenye zahanati ya mtaa au Hospitali ya Port Reitz. Kliniki za kawaida hufunguliwa asubuhi na kumaliza wagonjwa kabla ya alasiri, saa zile zile ambazo mshahara wake unatengenezwa. Anayeshona nguo katika viwanda vya bidhaa za kuuza nje ana idadi ya vipande vya kumaliza kwa siku, na kuomba ruhusa ni kuomba kukatwa. Mwenye kibarua cha siku hana hata wa kumwomba. Asipokuja, nafasi yake inachukuliwa getini. Mama wa mahamri ameamka saa tisa za usiku kukanda unga, na asubuhi ndiyo biashara yenyewe. Nilipokuambia kwamba mwanamke wa Chaani atasema hana nafasi, nilitaka uone uzito wa neno hilo. Kwake siku moja ya hospitali ni chakula cha jioni cha watu watano.

Mamogramu, kutolewa kinyama cha kupima na kuonana na daktari wa upasuaji humvusha daraja la Makupa hadi kisiwani Mombasa, aghalabu kwenye Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara. Ramani itakuambia ni karibu. Foleni ya malori ya bandari itakuambia vingine. Matatu kwenda na kurudi, pengine tuktuk kutoka barabarani hadi nyumbani, mara tatu au nne kwa sababu kila kipimo kina siku yake, na mtoto mdogo ameachiwa jirani ambaye naye ana shughuli zake.

Amefika. Hapa ndipo uwanja wetu ulipofumba macho kwa muda mrefu. Mwaka 2017 Carolina Espina na wenzake walipitia tafiti za Afrika nzima na kuona kwamba kusini mwa Sahara, muda kati ya mwanamke kumfikia mhudumu wa afya na kuambiwa ugonjwa wake ulizidi miezi 6 katika baadhi ya tafiti. Rudia sentensi hiyo polepole. Mwanamke ameshashinda hofu, mganga, mwajiri na foleni, na bado huenda nusu mwaka ukapotea akiwa ndani ya mikono yetu. Unapotea vipi? Mhudumu wa kwanza huona uvimbe kwa mama mwenye umri wa miaka 32, akaufikiria jipu na kumpa dawa za kuua bakteria. Anarudi, anapewa nyingine. Baadaye anaandikiwa karatasi ya rufaa. Kinyama kikitolewa, kinangoja mtaalamu wa kukisoma, nao ni wachache mno kwa idadi yetu. Majibu yakitoka, simu yake imebadilishwa namba.

Pesa zinazidi kuonekana kadiri anavyoingia ndani. Kupimwa kwa mikono mara nyingi ni bure. Kupata jibu si bure. Mamogramu katika hospitali za binafsi ni maelfu kadhaa ya shilingi. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imehamia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambapo mchango wa chini kwa asiye na ajira rasmi ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini mwanzoni alitakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mwenye mshahara hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa anayepata pesa kila siku na kuzitumia siku hiyo hiyo, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni ukuta. Ukuta wa namna hiyo unaweza kuondolewa kwa kubadilisha ratiba ya malipo tu.

Kuhusu vifaa pia tumejifunza kwa gharama. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi mashine za kisasa kwa hospitali za kaunti, zikiwemo za mamogramu. Baadhi ya mashine nchini zilikaa bila ya kutumika kwa kukosa mtaalamu, chumba au umeme wa kutosha. Kwa upande wa tiba kuna hatua ya kushangilia: vituo vya kanda vya saratani vilianzishwa Mombasa, Nakuru na Garissa ili mgonjwa wa Pwani asilazimike kulala kwa jamaa Nairobi wiki nzima akingoja zamu. Umuhimu wake kwa upimaji ni mkubwa, kwa kuwa hakuna mwanamke atakayekubali kutafutiwa ugonjwa ambao hajui utatibiwa wapi.

Je, tunajua kinachofaa? Kwa sehemu, ndiyo, na ushahidi bora haukutoka London. Umetoka Shanghai, Mumbai na Sudan. Huko Shanghai wanawake 266,064 waliohusiana na viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafunzwa kwa bidii kujipima matiti kila mwezi. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, huku waliofunzwa wakifanyiwa vipimo vingi zaidi vya vinyama visivyo na saratani. Wengi wetu bado tunagawa vipeperushi vya kujipima kama kwamba utafiti ule haukufanyika. Mwanamke na aujue mwili wake na asingoje akiona badiliko. Hilo ni haki yake. Lakini kumtwisha kazi ya kila mwezi na kuiita huduma ya afya ni kumwachia mzigo wetu.

Mumbai, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, wanawake wapatao 151,000 wa mitaa ya watu maskini walifuatwa kwa miaka 20. Nusu yao walichunguzwa kwa mikono na wahudumu wa kike waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili, raundi nne. Ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba saratani ziligunduliwa zikiwa changa zaidi, na kwa wanawake wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo faida haikuonekana, na ni lazima tuliseme hilo kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni wadogo. Katika jimbo la Gezira, Sudan, wanawake wa vijijini wa kujitolea walifunzwa kutambua matiti yenye dalili na kuwapeleka wenzao hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vijiji hivyo vilipata saratani nyingi zaidi zikiwa bado katika hatua za mwanzo kuliko eneo lililolinganishwa nalo.

Kenya ina watu wa kufanya kazi kama hiyo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Changamwe wanapita nyumba kwa nyumba. Wengi wao ni wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wanajua ni nani ameolewa upya na ni nani amefukuzwa kazi. Kuwafunza kuuliza swali moja la heshima kuhusu matiti na kumfuata mwanamke hadi majibu yake yatoke, naona, kutafanya kazi kubwa kuliko kambi za bure za kila Oktoba, ambazo hupiga muziki, hupima, na kuondoka jioni bila kumwacha mtu wa kumpigia simu mwanamke aliyekutwa na uvimbe.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu kufika, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Lengo la pili ndilo ninalotaka ulishike. Siku 60 zinaweza kuhesabiwa Port Reitz kwa daftari na kalamu.

Maneno machache kuhusu namna ya kuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi itakayokukuta kesho. Usiwahoji wanawake kliniki tu. Waliopo kliniki ndio walioshinda vizuizi unavyovitafuta. Nenda kwenye vikao vya chama siku ya mchango, omba ruhusa kwa mwenyekiti, kaa chini, ungoje hesabu za pesa ziishe. Acha koti jeupe nyumbani, kwani mbele yake mwanamke hujibu kile anachodhani unataka kusikia. Usimsomee orodha ya vizuizi achague. Mwambie akusimulie mara ya mwisho alipokwenda hospitali kwa jambo lolote, tangu kuamka hadi kulala, na vizuizi vitajitaja vyenyewe. Mwulize kwa Kiswahili, na kama lugha yake ya moyoni ni Kikamba au Kijaluo, tafuta anayekijua. Zungumza na jamaa za waliofariki, kwa upole na kwa idhini yao. Mhoji fundi wa eksirei, karani wa rekodi, msimamizi wa kiwanda, mganga. Na usimwache mwanamke aliyekuonyesha uvimbe ukaondoka na fomu yako: mpeleke mwenyewe, ama mkabidhi kwa mtu unayemjua kwa jina. Utafiti usioweza kufanya hivyo usianze.

Basi kabla hujatunga swali lako la kwanza, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, umwamkie muuguzi, umwulize jambo hili: mwanamke aliyekuja hapa na uvimbe miezi miwili iliyopita, leo amefikia wapi? Kama daftari halina jibu, anzia hapo.